Wasafiri Wawili wa Usiku: Popo wa Matunda na Nondo wa Fuvu



Tangazo lilisema nitalinganisha popo na nondo. Najua wengi mmekuja mkitarajia kisa cha mwindaji na mwindwa, na kisa hicho kipo. Katika miaka ya 1790 Mwitaliano Lazzaro Spallanzani, aliyekuwa padri na mtafiti, aligundua kwamba popo aliyepofushwa huruka chumbani bila kugusa kitu, lakini aliyezibwa masikio hugonga kila kilicho mbele yake. Wasomi wengi wa wakati wake hawakuona mantiki ya kiumbe kuona kwa masikio. Jambo hilo likalala hadi mwaka 1938, pale kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Donald Griffin, alipowapeleka popo wake kwa mwanafizikia G. W. Pierce, mwenye chombo cha kunasa sauti nyembamba zinazolipita sikio la binadamu. Chombo kikanguruma. Popo walikuwa wakipiga kelele muda wote, ila sisi ndio tuliokuwa viziwi. Tangu hapo yameandikwa mengi juu ya popo wanaofuata mwangwi gizani, na nondo wenye masikio ya kuwahi kukimbia.

Leo sizungumzi juu ya hao. Nimechagua popo asiyekula mdudu, na nondo ambaye popo huyo hana haja naye kabisa. Wa kwanza ni popo wa matunda mwenye manyoya ya rangi ya nyasi kavu, ambaye wanasayansi humwita *Eidolon helvum*. Wa pili ni nondo wa fuvu, *Acherontia atropos*. Wote ni wa Afrika na wote wanapatikana Afrika Mashariki. Wote husafiri mbali, na husafiri usiku. Ila kila mmoja ameijua njia yake kwa namna ambayo mwenzake hawezi, na hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Tuanze na maumbile, na tuyapitie haraka. Popo huyu ana uzito wa kati ya gramu 230 na 350, na akitandaza mabawa, kutoka ncha hadi ncha hufika sentimita 75 hivi. Bawa lake ni mkono: vidole vilivyorefuka na ngozi iliyotandwa katikati yake. Ana macho makubwa na pua kali, na hivyo viwili ndivyo anavyotegemea. Hapigi kelele za kutafuta mwangwi. Jamaa yake wa mapangoni, popo wa Misri, hugonga ulimi na kusikiliza sauti inavyorudi, lakini Eidolon hana hata hilo. Usiku wa giza totoro humsumbua kama unavyotusumbua sisi, ingawa si kwa kiasi kile kile.

Nondo wa fuvu ni jitu kati ya wadudu, lakini kwa mizani yetu uzito wake ni gramu chache tu. Mabawa yake hufika sentimita 9 hadi 13, ni utando uliofunikwa magamba madogo, na hayana mfupa ndani. Kabla ya kuruka husimama pale pale akitetemesha misuli ya kifua mpaka ipate joto, ndipo aondoke. Mgongoni ana doa la njano lenye vivuli viwili vyeusi, na jicho la binadamu likishaliona hulisoma kuwa ni fuvu la mtu. Kiwavi wake mnamfahamu nyinyi wenye bustani, hata kama hamkujua atageuka kuwa nani. Ni yule mnene, wa kijani, wa njano au wa kahawia, anayeweza kufika sentimita 12, mwenye pembe mkiani, anayekula majani ya viazi mviringo, nyanya, biringanya na mnavu. Ukimgusa hugonganisha taya zake zikatoa sauti ya tik-tik. Akishiba huzama ardhini kugeuka pupa.

Na sikio je? Analo, tena liko mdomoni. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani Martin Göpfert na Lutz Wasserthal walionyesha kwamba nondo wa kundi hili husikia sauti nyembamba za popo kwa viungo vinavyouzunguka mrija wake wa kunywea. Ni silaha dhidi ya popo wala-wadudu. Kwa popo wetu haina kazi, maana yeye hatoi sauti hizo na wala hamtafuti nondo. Wanaweza kupishana juu ya mwembe mmoja, kila mtu na safari yake.

Kuna jambo moja linalowaunganisha ambalo halikutoka kwao. Wote wawili wamepewa majina ya kutisha. Linnaeus alimwita nondo huyu *atropos* mwaka 1758, kwa jina la mungu wa kike wa Wagiriki anayekata uzi wa uhai. Waliofuata wakaongeza jina la mto wa wafu katika imani za Wagiriki hao hao. Vincent van Gogh, akiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy mwezi Mei 1889, alichora nondo mkubwa na kumwita nondo wa fuvu. Ukiitazama picha ile vizuri unaona ni nondo wa aina nyingine kabisa. Jina lilikuwa limeshavuma kuliko mdudu mwenyewe. Upande wetu tunayo Popobawa. Mwaka 1995 hofu ya shetani huyo ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakatoka vitandani wakalala nje kwa makundi. Ninyi wa visiwani mnaijua habari hiyo kuliko mimi, kwa hiyo siendelei. Nasema tu kwamba kiumbe akishapewa jina la kutisha, ni shida kumfanya mtu aulize anakula nini na anakwenda wapi.

Sasa tuulize. Kila mwaka kuanzia Oktoba, mvua za kwanza zinaposogea kusini mwa Afrika, popo wa matunda humiminika katika kipande kimoja kidogo cha msitu wa kinamasi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kasanka, nchini Zambia. Wenyeji huuita msitu wa namna hiyo mushitu. Popo hukaa pale hadi Desemba, wengine hadi Januari ikianza, wakila matunda ya porini, yakiwemo makusu, ambayo watu wa nyanda zenye miombo wanayajua vizuri. Mchana huning'inia kwa wingi unaoweza kuvunja matawi. Jioni hutoka wote, na anga hubadilika rangi.

Ni wangapi? Kwa miaka mingi vipeperushi vya utalii vimesema milioni 8, vingine milioni 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulitumia kamera zilizopangwa kuuzunguka msitu, na programu ya kompyuta ikahesabu popo mmoja mmoja waliopita juu. Jibu lilikuwa kati ya laki saba na nusu na milioni moja hivi. Waongoza watalii watahitaji muda kulizoea. Hata hivyo, laki saba na nusu ya wanyama wenye uzito wa robo kilo kila mmoja, katika msitu mdogo namna ile, si jambo la kudharau. Na makadirio yaliyozidi mara kumi yana madhara yake: mtu hamwonei huruma mnyama anayedhani hana mwisho.

Wanatoka wapi na wanakwenda wapi? Heidi Richter na Graeme Cumming waliwafunga popo wachache wa Kasanka vifaa vinavyozungumza na setilaiti, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Popo hao walielekea kaskazini, wakaingia Kongo. Mmoja alikusanya zaidi ya kilomita 2,500 katika muda wa miezi mitano. Miaka mitano baadaye, mwaka 2013, Alison Peel na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya popo hawa kutoka nchi kadhaa, Tanzania, Uganda, Kenya, Malawi na Ghana zikiwemo. Walikuta kwamba popo wa bara zima wamechanganyika kiasi cha kuwa jamii moja. Ni wale wa visiwa vya mbali vya Ghuba ya Guinea tu waliojitenga. Wa Morogoro na wa Accra ni ndugu wa kuoana.

Accra ndiko tulikojifunza mengi juu ya usiku mmoja mmoja. Kuna kundi kubwa la popo hawa katikati ya jiji, kwenye miti ya eneo la hospitali ya jeshi. Jakob Fahr na wenzake waliwafunga vifaa vya GPS, na mwaka 2015 wakaeleza walichokiona. Msimu wa mvua popo wanapobaki elfu chache, hula karibu, ndani ya mji na pembezoni. Msimu wa kiangazi kundi linapofika zaidi ya laki moja, kila mmoja analazimika kwenda mbali, na wapo waliofika karibu kilomita 90 kutoka kwenye mti wa kulala. Lililonivutia zaidi ni hili: popo mmoja mmoja alirudi usiku baada ya usiku kwenye miti ile ile. Hakuwa anazunguka akibahatisha harufu. Alitoka mjini akanyoosha kwenda kwenye mti anaoujua.

Na akiwa njiani hupanda miti. Mbegu ndogo zilizomezwa hupita tumboni na kudondoshwa, na utafiti uliofanywa huko huko Ghana, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba zinaweza kuangushwa hadi kilomita 75 kutoka mti mama. Ndege wachache sana wa Afrika wanaweza kazi hiyo, na karibu hakuna mnyama wa miguu anayeiweza, kwa sababu popo huyu haogopi kuvuka shamba lililo wazi au eneo lililokatwa. Mvule, mti ambao mafundi wetu wanauheshimu kwa milango na makabati, ni miongoni mwa miti inayomtegemea. Matunda yake hukomaa juu kabisa kwenye kilele, popo huyala, na mbegu hudondoka mahali penye mwanga, panapoufaa mvule kuota. Tunalalamika kwamba mvule umekuwa haba. Orodha ya sababu huanza na msumeno, na hivyo ndivyo inavyopaswa, lakini orodha hiyo haina budi kumfikia pia mpandaji.

Nizungumzie uzazi wake, maana hapa kuna utafiti wa nyumbani kwetu tunaousahau. Mwaka 1967 F. A. Mutere alichapisha uchunguzi wake juu ya popo hawa wa Kampala, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Kampala haina baridi wala joto la msimu la kumwambia mnyama azae lini. Mutere alikuta kwamba popo hupandana kati ya Aprili na Juni, lakini yai lililorutubishwa halijishikizi kwenye tumbo la uzazi. Linasubiri. Linajishikiza kuanzia Oktoba, na watoto huzaliwa Februari na Machi, mvua kubwa zikiwa mlangoni, ili siku za kunyonyesha ziangukie wakati wa matunda. Mama huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Naye popo, asipoliwa wala kupigwa risasi, anaweza kuishi miaka 15 na zaidi. Kumbukeni namba hizo mbili, moja na 15, nitazirudia.

Nondo wa fuvu hana subira ya namna hiyo. Jike hutaga mayai mia na zaidi, moja moja, kwenye majani ya mimea niliyoitaja. Akiwa mzima huishi wiki chache. Na wiki hizo anaziishi kwa wizi.

Mrija wake ni mfupi na mgumu, haufai kwa maua marefu. Unafaa kutoboa nta. Usiku huingia ndani ya mzinga, hutembea juu ya masega, hutoboa tundu moja na kunywa asali, akizungukwa na maelfu ya nyuki wenye sumu. François Huber wa Geneva, mtafiti wa nyuki aliyekuwa kipofu na kutegemea macho ya msaidizi wake, aliandika zaidi ya miaka 200 iliyopita kwamba nondo hawa walipovamia kwa wingi, nyuki walijenga kuta za nta na gundi kwenye mlango wa mzinga, wakaacha upenyo ambao nyuki hupita na nondo hapiti. Kwa nini hawamuui papo hapo? Mwaka 1991 Robin Moritz, Wolfgang Kirchner na Robin Crewe walitoa jibu: ngozi ya nondo huyu ina aina nne za mafuta zile zile zilizo kwenye ngozi ya nyuki, kwa viwango vinavyokaribiana. Gizani nyuki hamtambui mwenzake kwa sura, humtambua kwa harufu. Na harufu inasema: huyu ni wa hapa.

Kisha analia. Ndiyo, nondo analia, kwa sauti nyembamba ambayo hata sisi tunaisikia. Gunnar Brehm wa Jena na wenzake walieleza mwaka 2015 jinsi anavyofanya. Koo hupanuka na kuvuta hewa, kijibamba kilichopo mlangoni kinatetemeka, halafu koo hubanwa na hewa kutoka kwa mluzi. Ni akodiani ya taarab, ila imefungwa ndani ya kichwa cha mdudu. Kuna simulizi ya siku nyingi kwamba anaiga mlio wa malkia wa nyuki ili wafanyakazi watulie. Simulizi ni tamu, lakini mimi nasimama na wanaosema mlio ni wa kumshtua adui, kwa sababu nondo huyu hulia hata ukimshika mkononi, mahali ambapo hakuna mzinga wala nyuki.

Tufike kwenye safari yake. Kila mwaka, kuanzia majira ya kuchipua ya kule kaskazini, nondo wa fuvu huonekana Ulaya. Wametoka Afrika, wamevuka Mediterania, na safari yao inaweza kufika kilomita 4,000. Huzaa huko, viwavi hula viazi vya Wazungu, na kizazi kilichozaliwa huko hugeuza na kushuka kusini kabla baridi haijawaua. Anayeshuka si yule aliyepanda. Yule aliyepanda ameshakufa.

Kwa muda mrefu tulidhani mdudu hupeperushwa: upepo ukivuma kusini naye kusini. Watafiti wa Konstanz, kusini mwa Ujerumani, wakiongozwa na Myles Menz, waliamua kumfuata mdudu mwenyewe. Waliwabandika nondo wa fuvu 14 vitoa-redio visivyofika nusu gramu, wakawaachia, kisha wakapanda ndege ndogo yenye injini moja na kuwafuata usiku kuelekea milima ya Alps. Mmefikiria hilo? Rubani na mtafiti juu, mdudu chini, na kati yao ni mlio wa redio tu. Waliwafuata kwa muda wa hadi saa 4 na umbali wa kilomita 80 hivi. Matokeo yalitoka kwenye jarida la *Science*, Agosti 2022. Nondo walinyoosha. Upepo wa nyuma ulipowabeba, walipanda juu wakautumia. Upepo wa mbele au wa ubavuni ulipowakabili, walishuka karibu na ardhi, wakaongeza mwendo, na kujirekebisha ili wasitoke kwenye mstari wao.

Kuna jambo moja kwenye utafiti ule ambalo magazeti mengi yalilipita, nami naliona kuwa ndilo kiini. Nondo hao walikuzwa maabara tangu wakiwa viwavi. Hawakuwahi kusafiri. Hawakuwahi kumwona nondo mwingine akisafiri. Usiku wa kwanza wa safari yao ulikuwa ndio huo, na mstari walikuwa nao tayari. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2025, watafiti wa nondo wa Bogong huko Australia, akiwemo Eric Warrant, walionyesha kwamba nondo hao huelekea kwenye mapango ya milimani, wasikowahi kufika, kwa kuzitazama nyota pamoja na kuhisi usumaku wa dunia. Nondo hurithi uelekeo. Baba na mama walikufa kabla yai halijapasuka. Hakuna wa kumuuliza.

Popo ana nafasi nyingine kabisa. Ana miaka 15. Ana mama aliyemnyonyesha, na kundi la maelfu analoondoka nalo jioni na kurudi nalo alfajiri. Mwaka 2020 vikundi viwili vya watafiti nchini Israel, kimoja cha Ran Nathan na kingine cha Yossi Yovel, vilichapisha kazi juu ya popo wa Misri, yule jamaa anayegonga ulimi. Wakiwafuatilia usiku kwa usiku, waliona kwamba popo hao hukata njia za mkato kutoka mti mmoja hadi mwingine, njia ambazo hawakuwahi kuzipita kabla. Maana yake wana ramani kichwani. Wameijaza wenyewe, mti kwa mti, kwa kuishi mahali pale. Nikiunganisha hilo na popo wa Accra wanaorudia miti yao, na wale wa Kasanka wanaofika mwaka hadi mwaka kwenye kipande kile kile cha mushitu katika bara lote hili, naona mnyama ambaye sehemu kubwa ya njia yake iko kwenye kumbukumbu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza juzi ipi bora. Swali hilo halina maana kwa nondo wala kwa popo, lakini lina maana kubwa kwetu tunaokata na kunyunyizia dawa. Njia ya kurithi ni ngumu kuipoteza. Ua nondo elfu wa mwaka huu, na watakaobaki watazaliwa na uelekeo ule ule, na kila jike ana mayai yake mia. Udhaifu wake uko kwingine: haibadiliki haraka. Mstari wa kusini ukiishia mahali palipogeuka jangwa, nondo wa mwaka huo hawezi kuambiwa. Njia ya kujifunza inabadilika ndani ya usiku mmoja, popo akiukuta mti mpya wenye matunda. Lakini akifa popo wa miaka 12, ramani ya miaka 12 inakwenda naye, na nafasi yake inajazwa kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Ndiyo maana nilisema mkumbuke moja na 15.

Sasa tazameni tunavyowatendea. Nchini Ghana utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba popo hawa wasiopungua 128,000 huuzwa kwa nyama kila mwaka. Kampala ilikuwa na kundi maarufu, na hata leo kuna sehemu inayoitwa Bat Valley. Popo waliokuwa kama robo milioni katika miaka ya 1960 walikuwa wamebaki kama 40,000 kufikia mwaka 2007. Miti ilikatwa, wakafukuzwa, wakahama mtaa mmoja hadi mwingine. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linawaweka kwenye daraja la wanaokaribia kuwa hatarini. Wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu ukiwaona jioni juu ya mji unadhani ni wengi kupindukia. Wingi wa mahali pamoja unadanganya. Kama popo wote wa sehemu kubwa ya kanda hukutana kwenye msitu mmoja Novemba, basi moto mmoja wa Novemba unatosha.

Najua swali linalokuja, kwa hiyo nilijibu kabla halijaulizwa: magonjwa. Sitawaficha. Virusi vya Lagos, jamaa wa kichaa cha mbwa, vilipatikana kwa mara ya kwanza kwa popo wa aina hii, kwenye kisiwa cha Lagos mwaka 1956. Popo hawa pia hubeba dalili za kukutana na virusi vingine. Kwa hiyo msiwashike kwa mikono mitupu, msiwale, na embe lililotafunwa usiku litupwe. Lakini kuwaua ni dawa mbaya. Wauganda wana ushahidi. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, ugonjwa unaobebwa na popo wa Misri waliokuwa wakiishi humo. Popo wakaangamizwa na mgodi ukafungwa. Miaka michache baadaye popo wengine waliingia, na watafiti walipowapima, sehemu ya walioambukizwa ilikuwa imepanda kutoka kama asilimia 5 hadi zaidi ya asilimia 13. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena katika eneo hilo. Ukiondoa wazee wenye kinga, unakaribisha vijana wasio nayo. Aina ni tofauti na popo wetu, lakini sioni sababu ya kudhani kosa hilo hilo lingezaa matunda mengine.

Kwa nondo ushauri wangu ni mfupi. Kiwavi mmoja au wawili kwenye mnavu hawamalizi shamba. Mchukue kwa jani umpeleke kwenye mnavu wa porini, usimwagie dawa bustani nzima kwa ajili yake. Mwenye mizinga anaweza kupunguza upana wa mlango, kama nyuki wa Huber walivyojifanyia wenyewe.

Kwa popo nina ombi, hasa kwenu wanafunzi. Hesabu za makundi ya Afrika Mashariki ni chache na nyingi ni za zamani. Kuhesabu hakuhitaji ndege wala setilaiti. Simama mahali pamoja dakika 15 kabla ya giza, chagua kipande cha anga kati ya alama mbili zisizosogea, nguzo na paa kwa mfano, na uhesabu wanaokatiza hapo kila dakika hadi mto wa popo ukauke. Wengine wasimame pande nyingine za miti, kila mmoja na kipande chake. Andika tarehe, saa, hali ya mawingu, na mti uliokuwa na matunda wiki hiyo. Rudia kila mwezi kwa mwaka mzima, kwa sababu hesabu ya mwezi mmoja haitawaambia kama popo wamepungua au wamesafiri tu. Vaeni kofia. Mwalimu wa zamu atakuwa na karatasi za majina hapo mbele, na tutaanza Jumamosi hii jioni, mvua isiponyesha.